Cardozo na mama wa kituo cha treni

Wandugu wa promosio, mimi nilitoka fakilte nikimuheshimu Benjamin Cardozo kama mutakatifu. Juzi nimerudilia kusoma hukumu zake mbili, na ile heshima imepungua kidogo.

Huyu zuzi wa New York alianza na jina lenye doa: baba yake, zuzi pia, alijiuzulu 1872 juu ya tuhuma za ufisadi. Mutoto aliacha Columbia bila diploma ya sheria, akafanya uavoka miaka zaidi ya 20. Mwaka 1913 raia wakamuchagua zuzi (kwa kura, ndiyo, huko hawakungoja ordonansi ya Rais kama kwetu). 1914 akapanda Mahakama ya Rufaa ya jimbo, akaiongoza toka 1927 mpaka 1932, mbele ya kwenda Mahakama Kuu ya Marekani.

Hukumu ya 1916, MacPherson na Buick, njo ile ninapenda. Gurudumu la mbao limevunjika, mwenye gari ameumia. Kiwanda kinasema: sisi tuliuzia muchuuzi, huyu bwana hatuna mukataba naye. Cardozo anajibu kwamba kama kuna mutu ambaye kiwanda kilijua hatatembelea hiyo gari, ni muchuuzi mwenyewe! Hapo anatazama hadi mwisho wa njia, kwa mutu anayeumia.

Sasa hukumu ya 1928. Helen Palsgraf, mwanamuke wa kufanya usafi, yuko kituoni Brooklyn na wabinti wake wawili, wanaenda baharini. Mbali kidogo, walinzi wanasukuma abiria anayekimbilia treni. Kifurushi chake kinaanguka, kumbe ni fataki. Mlipuko. Mizani inamuangukia mama. Juri ilimupa dola 6.000. Cardozo, kwa sauti 4 kwa 3, alimunyanganya zote: walinzi hawangeweza kuona hatari kwa mutu aliyesimama kule.

Kanuni yenyewe siigombanishi sana. Lazima madai yapate mupaka, hata article 258 yetu inadai kosa na kiungo kati ya kosa na hasara. Ninachogombana nacho ni kalamu. Ukisoma hukumu ile, kazi ya yule mama haimo, watoto hawamo, kigugumizi kilichomupata kisha ajali hakimo. Sentensi zinateleza vizuri kabisa, na mwishoni zinamubebesha gharama za kesi za mahakama zote, bila neno moja la kueleza juu ya nini.

Na mimi nilijifunza kuandika kwa kumuiga. Mwaka jana nilisomea mama mumoja, muteja wangu, konklizio zangu za kesi ya ajali. Nilijivuna nazo: fupi, safi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza:

«Maître, sasa miye niko wapi humu ndani?»

Nikatafuta. Nilikuwa nimeandika «mudai» mara 14.