Glavu za Nafsi ya Kwanza

Wako watakaoguna: glavu za mchezo wa kompyuta zimefuata nini kwenye jarida la fasihi? Waacheni wagune. Darasani tulifundishwa kuwa kazi ya sanaa huhakikiwa kwa kutazama fani na maudhui, na mimi sijaona palipoandikwa kwamba fani na maudhui ni mali ya riwaya na ushairi peke yake. Vijana wenzetu wanakesha wakibishana juu ya rangi, mshono na uchakavu wa glavu ambazo hazishikiki kwa mkono, halafu tunasema kizazi hiki hakijui uhakiki. Kinaujua, bwana! Kinachokosekana ni mtu wa kukiuliza swali gumu: glavu hizo umezichagua wewe, au umechaguliwa?

Kwa ndugu msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze kidogo. Counter-Strike ulianza mwaka 1999 kama nyongeza ya mchezo wa Half-Life, kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe. Kampuni ya Valve ya Marekani ikauchukua. Mwaka 2012 ikatoa Counter-Strike: Global Offensive, na Septemba 2023 likaja toleo la sasa, Counter-Strike 2. Ni timu mbili za watu watano watano. Upande mmoja unatega bomu, wa pili unazuia au unalitegua. Mwaka 2013 zikaingia skini, yaani mavazi ya bunduki na visu. Novemba 2016 zikafuata glavu: aina sita, kila aina mitindo minne, jumla 24. Baadaye zikaongezwa nyingine. Glavu hizi hazikuongezei shabaha wala hazikukingi risasi. Ukipigwa ya kichwa umevaa glavu za bei ya pikipiki, unaanguka chini sawasawa na yule aliyevaa za bure.

Kama ni hivyo, kwa nini watu wanazitaka? Jibu la haraka ni kwamba vijana wanapenda kuuza sura. Jibu hilo ni bovu, na ukilichunguza utaona kwa nini.

Mchezo huu unasimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Msimulizi wa nafsi ya kwanza haoni uso wake mwenyewe. Anachoona ni mikono yake ikitenda. Koti la mhusika wako, kofia yake na viatu vyake wanaviona maadui, tena kwa nukta moja tu kabla ya mmoja wenu kufa. Wewe unachokiona tangu mwanzo hadi mwisho ni bunduki, na mikono miwili iliyoishika. Bunduki nayo ni ya kupita. Raundi hii una AK-47, raundi ijayo timu imefulia na mnaingia na bastola. Ukiuawa, bunduki yako inaokotwa na mwingine, anaondoka nayo pamoja na skini uliyoivalisha. Glavu haiokotwi. Inakaa na mwenyewe, kama sauti ya msimulizi inavyokaa na msimulizi.

Sasa huyo anayeuza sura anamuuzia nani? Fikiria kanga. Jina la kanga husomwa na aliye nyuma. Mvaaji anaongea na watu huku yeye mwenyewe halioni. Glavu ni kinyume chake kabisa: msomaji wake wa kwanza ni mvaaji.

Kuna hadhira moja tu zaidi, na hii inanichekesha kila ninapoifikiria. Ni marehemu. Mwenzako wa timu akishauawa, anatazama raundi iliyobaki kupitia macho ya walio hai. Anaazima macho yako. Umebaki peke yako dhidi ya watatu, bomu linalia, na nyuma ya macho yako wamekaa wafu wanne kimya wanatazama mikono yako. Waandishi wenzangu, je, hiyo siyo hali ya msomaji wa hadithi ya nafsi ya kwanza? Hana nguvu ya kubadili lolote, hana macho mengine, na anachokiona ni kile tu ulichomwekea mbele. Kwa hiyo uchaguzi wa glavu si jambo la kipuuzi. Ni kumvika msimulizi.

Tuingie kwenye fani. Kanuni yangu ni moja: glavu haihakikiwi peke yake. Inahakikiwa pamoja na bunduki iliyo mkononi, kisu kinachofuata, na ukuta ulio nyuma. Chukua Sport Gloves za Vice, zilizotoka mwaka 2018. Ni waridi na buluu, rangi mbili zenye makelele. Zitazame kwenye Dust II, ambako kuta zote ni rangi ya mchanga: jicho linaenda kwenye mikono kabla ya kwenda kwenye mlango ambako adui atatokea. Halafu mtu anaziunganisha na bunduki yenye rangi saba. Hapo ni redio mbili zimewashwa chumba kimoja. Simkatazi mtu kupenda Vice. Nasema Vice inataka bunduki iliyotulia, nyeupe au nyeusi, ili mmoja aseme na mwingine asikilize. Tunao waandishi wa namna hiyo pia, wanaopachika tashibiha katika kila sentensi halafu wanashangaa msomaji amechoka ukurasa wa pili.

Upande wa pili weka Specialist Gloves za Crimson Kimono. Nyekundu yake ni nzito, haipayuki. Ukiishika nayo bunduki nyeusi isiyo na pambo, mkono unasema jambo moja na linaeleweka. Ila usiisindikize na kisu chekundu, bastola nyekundu na kila kitu chekundu, kama wengi wanavyofanya. Wenyewe wanaita kulinganisha. Mimi naita kurudia neno lilelile mpaka linapoteza maana.

Kwenye maudhui, chaguo langu litawashangaza wenye mshiko. Ni Hand Wraps za Duct Tape. Hizo hata glavu si glavu. Ni mkono uliozungushiwa utepe wa kijivu, ule wa kufungia mabomba na kuzibia viti vilivyochanika. Mbele ya zile za kifahari zinaonekana maskini. Lakini zina kisa! Huyu ni mtu ambaye hakuwa na glavu, muda ulikuwa haumsubiri, akatumia kilichokuwapo. Kijiweni kwetu yuko mshikaji anazivaa na bunduki zake zote hazina skini hata moja. Nilimuuliza kwa nini hapambi silaha. Akanijibu, "Mtu aliyejifunga utepe mkononi atapata wapi bunduki ya dhahabu?" Nasema wazi, huo ni uhakiki wa kiwango cha juu. Amejenga mhusika, na amekataa kumsaliti kwa pambo.

Sasa uchakavu, maana hapa pana uongo mtamu. Kila glavu ina kipimo cha uchakavu kati ya 0 na 1. Chini ya 0.07 inahesabiwa mpya kutoka kiwandani, kuanzia 0.45 kwenda juu inahesabiwa imerudi vitani. Kipimo hicho kinapangwa siku glavu inapotoka kwenye kasha, na hakibadiliki tena. Unaweza kuivaa miaka kumi, ukatega mabomu elfu, isichanike hata uzi. Na iliyochanika ilizaliwa imechanika. Kovu lake halikupatikana popote. Ni wasifu wa kubuni.

Silaumu ubunifu, sisi wote hapa tunaishi kwa ubunifu. Ninacholaumu ni kununua namba badala ya sura. Kwa glavu nyingi kipimo kinaanzia 0.06, kwa hiyo nafasi ya kuitwa mpya ni upana wa 0.01 tu, na ndiyo maana bei yake inapaa. Weka 0.069 na 0.071 mbele ya mtu mwenye macho mazima, umwambie achague. Hataona tofauti. Bei ndiyo inayoona. Kwa upande mwingine, utepe au ngozi iliyochakaa kidogo huzidi kupendeza, kwa sababu uchakavu unakubaliana na kisa chake. Lakini glavu yenye nakshi ya utando wa buibui, kama Emerald Web, ikiparuka sana nakshi inakatika na hakuna kinachobaki. Kwa hiyo swali sahihi ni hili: uchakavu huu unaongeza au unapunguza maana?

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Wengi wanaodai wamechagua glavu hawakuchagua kitu. Walifungua kasha. Ufunguo wa kasha bei yake rasmi ni dola 2.49. Mwaka 2017, kutokana na sheria za China, kampuni ya Perfect World inayouendesha mchezo huo kule ilitangaza uwezekano: kupata kitu adimu, yaani kisu au glavu kutegemea kasha, ni asilimia 0.26. Piga hesabu. Hiyo ni kama mara moja katika makasha 385, na funguo 385 ni zaidi ya dola 950. Tena hiyo ni wastani, siyo ahadi. Wakiketi watu 100, kila mmoja akafungua makasha 385, takribani 37 kati yao wataondoka mikono mitupu. Na anayepata, anapata yoyote katika ile mitindo 24, kwa uchakavu wowote. Alitaka nyekundu tulivu, amepewa kijani iliyochanika. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba makasha haya ni kamari, na Valve ikawafungia wachezaji wa nchi hiyo kuyafungua.

Iko glavu ya zambarau na weusi, miongoni mwa zinazosifiwa kupita zote, inaitwa Pandora's Box. Jina limetoka kwenye kisa cha Wagiriki cha mwanamke aliyefungua chombo alichokatazwa, maovu yakamwagika duniani. Glavu inayotoka kwenye kasha imepewa jina la kasha lisilofaa kufunguliwa! Wawe walikusudia au hawakukusudia, kejeli imekaa mahali pake.

Atatokea wa kusema: "Wewe hujui biashara, glavu ni uwekezaji." Haya. Tarehe 22 Oktoba 2025 Valve ilibadili kanuni, ikaruhusu skini tano za daraja jekundu kubadilishwa kwa kisu au glavu. Bei za visu na glavu nyingi zikaporomoka usiku uleule. Watu walilia. Mimi nikazifungua picha nikazitazama tena. Ile nyekundu ilikuwa nyekundu ileile, nakshi haikuhama, mshono haukulegea. Aliyeipenda kwa macho hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni yule aliyekuwa akiipenda bei, na kwa hakika huyo alikuwa hajawahi kuiona glavu yake. Kufanya biashara si dhambi, lakini biashara tusiiite ladha.

Basi, kijana unayetaka kuchagua, nakushauri hivi. Ikague kwenye skrini kabla ya kutoa hata senti. Itazame ikiwa imeshika bunduki unayoitumia zaidi, siyo ile unayoitamani. Itazame inapoingiza namba za bomu, maana hapo mikono yote miwili iko mbele na hakuna pa kujificha. Kumbuka kuna pande mbili, na kila upande unaweza kuuvisha jozi yake. Mtega bomu na mlinzi si mhusika mmoja. Mwisho, sema kwa sentensi moja kwa nini unaitaka, bila kutaja bei na bila kutaja nani mashuhuri anaivaa. Sentensi ikikwama, acha. Vaa zile za bure kiroho safi. Za bure ukizivaa kwa kuamua nazo ni chaguo.

Na sisi wa kalamu tusijifanye tuko pembeni. Tuna makasha yetu. Kila anayeokota neno kubwa kwa kuwa limemng'arisha mwingine, kila anayeandika mapenzi kwa kuwa mapenzi yanauza, anazungusha bahati nasibu na kungojea mtindo udondoke. Mtindo haudondoki. Unachaguliwa, na anayeuchagua lazima aweze kusema kwa nini huu na siyo ule. Yule mshikaji wa utepe wa kijivu hajawahi kuandika hadithi hata moja. Nimemwambia aanze, kwa sababu sehemu iliyo ngumu tayari anaiweza. Kama yupo anayeona nimekosea kuhusu Vice, aandike atetee. Lakini asinitajie bei.