Safu Moja ya Paili, Mizigo Miwili

Daraja la Showa mjini Niigata, Japani, liliangukia kwenye meza ya mchoraji kabla ya kuangukia mto Shinano. Picha yake mnaifahamu: spani tano kati ya kumi na mbili zimelala majini, mwezi mmoja tu baada ya daraja kufunguliwa. Kosa ni lile la kuamua kwamba kila mhimili uwe safu moja ya paili tisa, mabomba ya chuma ya kipenyo cha milimita 609 na urefu wa mita 25, yapande kutoka mchangani moja kwa moja hadi chini ya sitaha.

Kwa upande wa upana wa daraja, paili tisa zilizofungwa pamoja juu ni fremu. Kwa upande wa urefu wake hakuna fremu. Kila paili ni mwanzi uliochomekwa, unategemea mchanga tu. Na mchanga huzuia msukumo wa mlalo hasa katika mita za juu, zilezile zilizogeuka uji katika tetemeko la 16 Juni 1964, hadi kina cha takriban mita 10. Paili zikapoteza msuguano wa ubavuni, mzigo wa wima ukahamia kwenye ncha. Zikapoteza egemeo la kando, urefu usioshikwa ukaongezeka. Euler alishatufundisha tangu karne ya 18 kwamba urefu huo ukiwa maradufu, uwezo wa kuhimili kujipinda hubaki robo. Paili ikisogea kando hata kidogo, uzito wa sitaha huongeza mpindo, na mpindo huongeza kusogea. Ndiyo maana sichoki kulalamika: anayekagua wima ukurasa huu na mlalo ukurasa ule hajakagua paili.

Wapo wanaolaumu ardhi iliyotiririka kuelekea mtoni, wapo wanaolaumu kujipinda, na wapo wanaosema daraja lililolegea liliyumba polepole mno hadi sitaha zikachomoka. Walioshuhudia walieleza kuwa sitaha zilianguka kama dakika moja baada ya mtikisiko mkali, kwa hiyo mjadala huo una maana. Lakini maelezo yote matatu yanahitaji paili nyembamba isiyo na mwenzake nyuma. Wengine watasema elimu ya mchanga kugeuka uji haikuwapo, kwani kanuni ya Seed na Idriss ilichapishwa mwaka 1971. Kweli, ila mto wa mchanga huchimba kitanda chake hata bila tetemeko. Kupotea kwa mchanga wa juu kulitabirika. Chuma chenyewe sikilaumu: paili iliyong'olewa ilikutwa imepinda, haijakatika.

Wazee waliojenga Daraja la Bandai mwaka 1929, juu ya mto huohuo, hawakuwa na kompyuta wala kanuni hiyo. Waliweka matao ya zege juu ya makesoni mapana, na siku ile daraja lao likaumia lakini likabaki limesimama. Mhandisi unayechora paili za mchangani leo, futa kwanza mchanga wa juu kwenye mchoro wako, tia mizigo yote miwili kwa pamoja, ndipo uamue kama safu moja inatosha.