Kiungo Kwanza, Swali Baadaye

Msimbo wa kompyuta nao ni maandishi, na unastahili kuhakikiwa umbo lake. Tuseme ni kabla ya PHP 7, na kijana wa Majengo, Mombasa, anatengenezea duka la vipuri programu kwa lugha ya PHP. Mali ya dukani iko kwenye hifadhidata moja, madeni ya wateja kwenye nyingine. Mbele yake kuna njia mbili za kuuliza:

mysql_query($swali, $kiungo);
mysqli_query($kiungo, $swali);

Kazi ni moja. Kilichotofautiana ni mpangilio, na maana imo humo. Mstari wa kwanza umekiweka kiungo, yaani muunganisho na hifadhidata, nyuma, tena kwa hiari. Kilipoachwa, PHP ilichukua muunganisho uliofunguliwa mwisho. Umbo hili lilimzoeza mwandishi kuuliza bila kumtaja anayeulizwa. Kukiwa na hifadhidata moja hapana tabu. Zikiwa mbili, swali la madeni laweza kuangukia kwenye mali.

Lipo la ndani zaidi. Funksheni ya mysql_connect ilipoitwa mara mbili kwa seva, jina na nywila zilezile, kwa kawaida haikufungua muunganisho wa pili, bali ilirudisha uleule wa kwanza. Kijana ameandika $mali na $madeni. Macho yanaona viungo viwili, kumbe ni kimoja chenye majina mawili. Akichagua hifadhidata ya madeni kupitia $madeni, $mali nayo imehamia huko. Kila mstari ukiusoma peke yake ni sahihi, na hesabu ya duka imeharibika.

Familia ya mysqli, iliyokuja na PHP 5 mwaka 2004, ilikitanguliza kiungo na kukifanya cha lazima. Mstari unarefuka kidogo, nami nautetea urefu huo. Tangu enzi za Muyaka, washairi wa Mombasa wanajua kwamba kina humlazimisha mtunzi kulipima neno kabla ya kuliweka. Sharti la kiungo humfanyia kazi hiyohiyo mwandishi wa programu: aamue anazungumza na nani, ndipo aseme.

Kwenye kufunga muunganisho, umbo bado limelegea. PDO, njia nyingine ya PHP ya kuunganika na hifadhidata, iliyoingia na PHP 5.1 mwaka 2005, haina funksheni ya kufunga. Muunganisho hukatika pale kigeu cha mwisho kinachoushika kinapopewa thamani ya null, au skripti inapokwisha. Ukurasa wa wavuti huisha upesi, kwa hiyo hausumbui. Lakini skripti inayokesha ikikusanya mauzo huendelea kushika nafasi, na seva ya hifadhidata ya MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida huruhusu miunganisho 151 tu ya wateja kwa wakati mmoja.

PHP 7 iliifuta familia ya mysql mwaka 2015, na ilistahili kufutwa. Funksheni njema ni ile inayomdai mwandishi atamke wazi jambo ambalo likinyamaziwa litamponza mwenye duka.