Heko, Wahudumu wa Ambulensi

Tunawavulia kofia wahudumu wa dharura, pamoja na walimu wanaowanoa. Kijana wa Rapsu, kijiji cha mashamba ya umwagiliaji huko Garbatulla, Kenya, akiitaka kazi hii, huanza na cheti cha kidato cha nne, kisha huomba nafasi katika vyuo kama KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya kilichoanzishwa mwaka 1927. Asikae tu akingoja barua ya kukubaliwa: ajizoeze kukimbia, kubeba mizigo na kutoa huduma ya kwanza. Darasani atapiga magoti kando ya sanamu ya mpira, aikandamize kifua mara 30, aipulizie pumzi 2, arudie mpaka jasho limtiririke. Ujuzi huo una maana: mjini hospitali i karibu, lakini kutoka Rapsu safari ni ndefu, na matibabu huanzia garini. Vijana, ombeni nafasi. Mnahitajika.