Tangazo la Gati Halikimbii

Kulaza tangazo zima la usalama la abiria ni kosa, wala si suala la ladha. Kwenye kivuko cha Kamanga, kama kwingine kando ya Ziwa Victoria, mmeyaona mabango ya plastiki yenye herufi nzito za mlazo, zisizo na vimkia, kuanzia jina la chombo hadi mstari wa mwisho wa maelekezo. Kwenye jina zinafaa, maana maneno mawili makubwa hubeba uzito na mwinamo bila taabu. Lakini mbunifu akishachagua aya yote ya maelekezo, akabofya B kisha I, ameiondolea herufi ya mlazo kazi yake. Mlazo hulitenga neno na wenzake. Aya nzima ikilala, hakuna kilichotengwa. Ndivyo ulivyo uzito pia. Onyo na makaribisho vinatoka kwa sauti moja, na abiria anayekimbilia kivuko hana pa kutupia jicho kwanza.

Fonti isipokuwa na mlazo wake uliochorwa, programu huisukuma tu ile iliyosimama. O iliyosukumwa hivyo hunenepa juu kulia na chini kushoto, ikakonda kwenye pembe mbili zilizobaki. Nguzo za H hupungua unene, ilhali ufito wake wa katikati unabaki vilevile. Kwenye herufi nyembamba jicho husamehe. Kwenye nzito, ambako uwazi wa ndani ya a, e na s ni finyu tangu mwanzo, mambo hubanana, na 3, 6 na 8 huanza kufanana kwa msomaji aliye mbali, jua la ziwa likimpiga usoni na bango likipepea. Idadi ya abiria wanaoruhusiwa huandikwa kwa tarakimu hizohizo. Kwenye ziwa zilikozama MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, tarakimu hiyo haifai kubahatishwa.

Mtetezi atasema hata italiki ya fonti ya Helvetica ni herufi iliyosimama ikainamishwa. Ni kweli, na ndiyo sababu sijawahi kuihesabu kuwa italiki kamili. Gill Sans ya 1928 ilishaonyesha njia: a yake ya mlazo ina umbo jingine, lenye asili ya mwandiko wa mkono. Mbunifu wa herufi Adrian Frutiger naye aliinamisha fonti yake ya Univers mwaka 1957, lakini aliupa mwinamo nambari yake: 65 ni nzito iliyosimama, 66 ni nzito ya mlazo, ndugu wawili wasioazimana kazi. Na fundi wa brashi, aliyeandika majina ya mitumbwi na malori kabla ya plastiki, hakuwa na kitufe cha kubofya. Kila O ya mlazo aliichora upya, unene wake ukitoka kwenye brashi. Ufundi huo tumeutupa kwa bei rahisi mno.

Wapo wanaosema mlazo unaonyesha mwendo, na mteja anautaka. Mwendo ni wa chombo. Tangazo limefungwa gatini kwa waya na linatakiwa lisomeke likiwa limetulia. Onyo lake liwekwe kwa 65. Ile 66 ibaki kwenye jina la kivuko, na jina likichorwa kwenye chombo chenyewe, iwe ubavu wa kulia tu, ambako huinamia omo. Ubavu wa kushoto herufi hizohizo huinamia tezi.