Masanga ya mbila na ulimi wa watu waliosoma

Katika karamu za ndoa hapa Bafwasende tumezoea kuona meza mbili. Ya mbele ni ya wakubwa wa kazi, wauguzi na walimu, na juu yake kunapangwa chupa za Primus. Nyuma, chini ya mti, kunawekwa bidoni za masanga ya mbila kwa ajili ya wazee. Sisi walimu tunajua mahali petu ni wapi. Mtu akitupa kopo ya mbila tunacheka: « Ile ni ya batu ya pori. » Maneno haya tuliyasema sisi wenyewe miaka mingi. Leo tunataka kuyapima.

Hatuchukii chupa. Primus ilianza kuuzwa Léopoldville mwaka 1926, na baadaye Bralima ilijenga kiwanda Kisangani. Sifa yake kubwa ni kwamba chupa ya leo iko sawa na ya jana. Lakini ulimi uliozoea kitu kimoja tu unaanza kuona kila tofauti kuwa kosa. Mbila ni kali, iko na povu, inanuka: basi ni mbaya. Hivyo ndivyo tulivyohukumu.

Mzee mmoja mgema, upande wa mto Lindi, alitufungua macho. Alituuliza: « Mwalimu, mbila unakunywaka saa gani? » Hatukuwa na jibu. Akatupa masanga ya mti mmoja mara tatu. Ya asubuhi ilikuwa tamu sawa maji ya muwa. Ya saa sita ilikuwa na povu na harufu ya mkate. Ya jioni ilikauka mdomoni, na ukali kidogo wa ndimu. Tukaelewa aibu yetu: sisi tulikuwa tunanunua ya siku ya tatu, yenye kugeuka siki, halafu tunalaumu mti!

Katika kazi hii hakuna mtu anayetia chachu. Inatoka yenyewe, katika hewa, katika mti na katika chombo cha mgema. Kwa siku moja masanga yanafika asilimia 4 au 5 ya pombe, karibu sawa na ile ya chupa.

Jambo la kushangaza, Wabeleji, ambao ndio walituletea chupa, wanaheshimu pombe ya namna hii. Karibu na Bruxelles kuna bia inayoitwa lambic. Usiku inaachwa wazi ipoe, na chachu ya hewani inaingia yenyewe. Kiwanda kidogo cha Cantillon, kilichoanzishwa mwaka 1900, kinaitengeneza, na wageni wanatoka mbali kuionja. Ni kali, na wengi wanakunja uso mara ya kwanza. Wanarudia, wanazoea, mwisho wanaitafuta. Mwaka 2016 UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Lakini lambic inangoja miaka katika pipa. Mbila inangoja siku moja tu. Njo maana mbila nzuri haiwezi kutoka Kisangani kwa lori. Inakunywewa hapa, ama haikunywewi.

Tusisifu ovyo, hata hivyo. Wako wenye kutia maji na sukari. Wako wenye kuangusha mti: unatoa masanga majuma machache, kisha basi, wakati ule unaogemwa umesimama unaweza kutoa tena. Watu wa pwani wanasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwetu tunaona hatari nyingine: mgema akidharauliwa, anatupa kisu. Vijana wanaenda kuchimba dhahabu, na wazee wanaojua kupanda mti bila kuuua wanapunguka.

Basi, katika karamu ijayo, tuombe bidoni moja iletwe kwenye meza ya mbele. Tuulize nani aligema, saa ngapi, mti umesimama ama umeangushwa. Na tulipe bei ya haki.