Mlipuko na Shimo: Majina Mawili ya Elimu ya Falaki

Tarehe 12 Desemba, mwaka 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, chombo kidogo cha kuchunguza mionzi ya eksirei kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililo baharini karibu na Malindi. Kwa kuiheshimu siku ile na nchi ile, chombo kiliitwa Uhuru. Kilikuwa cha kwanza kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake, na kwa vipimo vyake wanafalaki waliona, mwaka 1971, kwamba mionzi itokayo mahali paitwapo Cygnus X-1 hubadilika upesi mno, katika muda usiotimia hata sekunde moja. Ikawa dhahiri kwamba kitu kitoacho mionzi hiyo ni kidogo sana kwa ukubwa. Baadaye kidogo nyota iliyo jirani yake ilitambuliwa, uzito wa kile kisichoonekana ukakadiriwa, na wataalamu wengi wakakubali hatimaye kwamba hapo pana kitu kiitwacho leo shimo jeusi. Basi neno la Kiswahili liliingia katika vitabu vya falaki vya mataifa yote kabla jina la kitu chenyewe halijazoeleka katika Kiswahili.

Jina hilo limekwisha kupatikana, pamoja na jina la pili litajwalo mara nyingi zaidi, yaani Mlipuko Mkuu. Yote mawili yamefasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Jambo hilo si aibu. Kiswahili hakikuona haya kupokea Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali kutoka Kiarabu, na neno falaki lenyewe lilikuja kwa njia hiyo hiyo. Swali la kuuliza ni jingine: mtu asikiaye jina hilo, asiyekuwa na maelezo mengine yoyote, huelekezwa kwenye maana yake au hupotoshwa?

Yafaa kuanza na Mlipuko Mkuu. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padre na mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji, alieleza kwamba ulimwengu unatanuka; na mwaka 1929 Edwin Hubble alionyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyozidi kwenda mbio katika kututoka. Mwaka 1931 Lemaître aliongeza kwamba, ikiwa ndivyo, basi hapo kale vitu vyote vilikuwa vimesongamana pamoja. Lakini si yeye aliyeipa nadharia hii jina lililoenea. Jina lilitoka kinywani mwa mpinzani wake, Fred Hoyle, katika mazungumzo ya redio ya BBC mwezi Machi mwaka 1949. Hoyle, pamoja na Bondi na Gold, alishikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo, na ya kuwa hali yake ni ile ile daima. Nadharia yake ilidhoofika sana mwaka 1965, wakati Penzias na Wilson walipotangaza kwamba wamepata mnururisho dhaifu utokao pande zote za mbingu, nao ni masalio ya joto la kale. Hoyle akashindwa, lakini jina alilolitoa likashinda.

Jina hilo lina kasoro hata kwa Kiingereza, nayo imezidi katika Kiswahili, kwa sababu kitenzi lipuka kina maana iliyo wazi mno. Baruti hulipuka, moto hulipuka, na mtu aliyeshtuka hulipuka alipoketi. Katika kila mfano pana mahali palipotokea tukio, pana nafasi tupu iliyozunguka mahali hapo, na pana vipande vilivyorushwa kuingia katika nafasi hiyo. Kwa hiyo msikilizaji huuliza mara moja: ulilipukia wapi? Katikati yake ni pande zipi? Nadharia haina jibu la maswali hayo, kwa kuwa haisemi kwamba vitu vilirushwa kuingia katika nafasi; yasema kwamba nafasi yenyewe ndiyo iliyotanuka, na kila mahali palikuwapo katika tukio hilo. Mfano wake si fataki, bali ni kinyunya cha mkate kilichotiwa hamira na zabibu. Kinapoumuka, kila zabibu huona wenzake wakiondoka kwake, wala hakuna hata moja iliyorushwa.

Lugha haikukosa neno la kufaa. Vitenzi kama tanua na tanuka, kunjua na kunjuka, vyote vyaeleza jambo linaloenea kwa kufunguka lenyewe. Mkeka unapokunjuliwa, ukindu wake hauruki kwenda kokote. Ni mkeka ule ule, isipokuwa sasa una upana. Kama wafasiri wangaliitazama nadharia badala ya kulitazama jina lake, wangalisema Mtanuko wa Awali, na swali la mahali lisingalizuka.

Kosa la pili linafuatana na hilo. Mara nyingi huandikwa kwamba Mlipuko Mkuu ndio chanzo cha ulimwengu. Kiswahili chaweza kutenga mwanzo na chanzo. Mwanzo wa jambo ni pale linapoanza kuonekana; chanzo cha ugomvi ni kile kilichouleta. Nadharia hii ina mengi ya kusema juu ya mwanzo: kwamba umri wa ulimwengu ni kama miaka bilioni 13.8, kwamba hapo awali ulikuwa na joto kubwa na msongamano mkubwa, kwamba baada ya miaka kama 380,000 ulipoa kiasi cha kuiacha nuru ipite huru. Juu ya chanzo haina neno. Lemaître mwenyewe aliulinda mpaka huo. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipoizungumzia elimu hiyo kana kwamba yaushuhudia uumbaji, padre huyo hakupendezwa, kwa maana aliona kwamba mwanzo wa kimaumbile ni jambo moja na uumbaji ni jambo jingine. Mwandishi wa Kiswahili atumiaye chanzo mahali pa mwanzo huwaingiza wasomaji wake katika ugomvi wa dini na sayansi ambao nadharia haikuuanzisha, tena huwaingiza kwa neno moja tu.

Kuhusu shimo jeusi, historia yake ni ndefu zaidi. Mwaka 1783 John Michell, kasisi wa Uingereza, alifikiri kwamba nyota kubwa mno ingeweza kuizuia nuru yake isitoke. Mwaka 1916 Karl Schwarzschild aliikokotoa hesabu hiyo kwa kanuni za Einstein, na mwaka 1939 Oppenheimer na Snyder walieleza jinsi nyota iliyoishiwa nguvu inavyoweza kujiporomokea. Wanasayansi wa Urusi waliita kitu hicho nyota iliyoganda. Jina la sasa lilikwisha kuchapwa mwaka 1964, lakini aliyelieneza ni John Wheeler, tangu mwaka 1967.

Shimo, katika Kiswahili, ni mahali palipoondolewa kitu. Lina mdomo, lina kina, na aghalabu lina mchimbaji. Lawa shimo kwa upungufu. Kitu kinachosemwa na wanafalaki ni kinyume kabisa: ni wingi uliosongamana kupita kiasi. Jua letu lingepaswa kubanwa hadi nusu kipenyo chake kiwe kilomita 3 tu ndipo liwe kitu cha namna hiyo, na dunia hii ibanwe hadi milimita 9. Tena neno hilo limewavuta waandishi kutumia kitenzi meza, na kusema kwamba shimo jeusi humeza kila kitu. Si kweli. Kama jua lingegeuka kuwa hivyo bila kupungukiwa na uzito, dunia ingebaki baridi na gizani, lakini ingeendelea kulizunguka vile vile. Hatari ni kwake yule aliyesogea karibu mno.

Hata hivyo, neno hili lina mtetezi wake. Methali yasema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Wenye kuisema humkusudia mtu mwenye hila, lakini yaifaa nyota ile kuliko ufafanuzi mwingi wa vitabuni: hakuna aliyeichimbia, uzito wake mwenyewe ndio mchimbaji, na wa kwanza kutumbukia ni yeye. Kwa sababu hiyo shimo laweza kuachwa, mradi lielezwe pamoja na mchimbaji wake.

Sifa ya weusi ina udhaifu wake. Kitu cheusi huonekana. Ni giza lisiloonyesha kitu. Picha iliyotolewa tarehe 10 Aprili, 2019, ya katikati ya galaksi M87, ambako pana uzito wa majua bilioni 6.5, haikuonyesha kitu cheusi, bali pete ya nuru iliyozunguka kivuli. Na tangu mwaka 1974, Stephen Hawking alipotoa hesabu zake, yafikiriwa kwamba hata mashimo hayo hutoa mnururisho kidogo. Shimo la giza lingekuwa jina la karibu zaidi na kweli.

Haki yataka kwamba pale wafasiri walipofaulu wasifiwe. Mpaka ambao ukivukwa hakuna kirudicho umeitwa upeo. Neno hilo halikuazimwa kwa yeyote. Mvuvi anapotazama bahari, upeo wa macho si ukuta wala ukingo. Ni mwisho wa kuona kwake, na chombo kilichopita huko kimetoweka kwake bila kuvunjika.

Huenda ikasemwa kwamba majina ni majina tu, na kwamba Waingereza nao wanaishi na ya kwao. Lakini Mwingereza aliyepotoshwa na jina ana maktaba nzima ya kumsahihisha. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania aghalabu hufundishwa sayansi kwa Kiswahili, na aingiapo sekondari lugha ya mafunzo huwa Kiingereza. Wengi wasiofika huko, na wengi wafikao bila kuimudu lugha ile, hubaki na jina peke yake. Kwao jina ndiyo maelezo yote. Kwa hiyo shimo lidumu, kwa kuwa limezoeleka na methali imelitilia nguvu, upeo utunzwe, lakini mlipuko uachiwe baruti, na mtanuko upewe nafasi yake, kabla kizazi kingine hakijauliza ulimwengu ulilipukia wapi na mwalimu akakosa la kujibu.